Mgonjwa Haulizwi Uji, Lakini Huulizwa Dawa Amemeza na Nini

  Leo tunawalenga wazee wetu, nyanya na babu, pamoja na nyinyi watoto na wajukuu mnaowapa dawa asubuhi na jioni.

Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Maana yake ni kwamba mtu akiwa mgonjwa, usikae ukimwuliza kama anataka kitu, mpe. Huo ni wema. Lakini kwa upande wa dawa kuna swali moja ambalo ni lazima aulizwe: je, dawa hii umeimeza na nini?

Ukiingia asubuhi katika nyumba nyingi, kuanzia Maua hadi Runyenjes, utamkuta mzee ameketi jikoni, tembe ziko kwenye kiganja na kikombe cha chai ya maziwa kiko mkono wa pili. Tembe zinaingia mdomoni, chai inafuata. Ukiuliza kwa nini, utaambiwa, "Ndivyo tumefanya tangu zamani." Lakini zamani hiyo ni ipi? Leo tutaifuata historia ya kikombe hicho, kwa sababu ukijua desturi ilikotoka, ni rahisi kujua ya kushika na ya kuacha.

KABLA YA CHAI

Watu wa Meru na Embu waliishi kwenye miteremko ya Mlima Kenya na milima ya Nyambene kwa vizazi vingi bila kujua chai. Walikunywa maji ya mito, maziwa ya ng'ombe na mbuzi wao, na uji. Uji, ambao kwetu huitwa ucuru, ulipikwa kwa mawele, mtama au wimbi, na mara nyingi uliachwa uchachuke kidogo. Wazee nao walikuwa na pombe ya asali, ambayo haikuwa ya kila mtu wala ya kila siku. Ilikuwa na wakati wake na heshima yake.

Na dawa je? Dawa za kienyeji zilikuwa mizizi, magome na majani. Nyingi zilikuwa chungu, kwa hiyo zilichemshwa na kunywewa pamoja na supu ya nyama au mifupa, au zikalainishwa kwa asali. Hapa tuweke alama, kwa sababu jambo hili litarudi. Katika uganga wa zamani, dawa na kinywaji vilikuwa kitu kimoja, vikipikwa katika chungu kimoja. Hakuna aliyekuwa na haja ya kuuliza kama supu inapatana na dawa, kwa sababu supu ndiyo ilikuwa dawa.

SINDANO KWANZA, TEMBE BAADAYE

Serikali ya kikoloni ilifungua kituo chake Embu mwaka wa 1906 na Meru mwaka wa 1908. Wamishenari nao walifuata. Mwaka wa 1922, Daktari Archibald Clive Irvine wa Kanisa la Scotland alifika Chogoria, ambayo leo iko katika Kaunti ya Tharaka Nithi, na huko ikakua hospitali ambayo bado inahudumia watu hadi leo. Wamethodisti nao wakajenga hospitali Maua, na Wakatoliki wakaja kuwa na hospitali zao, kama vile Nkubu upande wa Meru na Kyeni upande wa Embu.

Dawa ya kizungu iliyowavutia watu zaidi siku zile ilikuwa sindano. Katika Kenya ya miaka ya 1920 ugonjwa wa buba, uliokuwa ukila ngozi na mifupa, ulitibiwa kwa sindano, na vidonda vikakauka kwa siku chache. Watu walitembea mwendo mrefu kuitafuta. Hata leo utamsikia mzee akimwambia daktari, "Nidunge sindano," kana kwamba tembe ni dawa ya nusu.

Sasa fikiria jambo hili. Sindano haipiti tumboni. Ukidungwa, iwe umekunywa uji, maziwa au maji, dawa inaingia mwilini moja kwa moja. Tembe ni tofauti. Tembe hufika tumboni, huyeyuka, husukumwa hadi utumbo mdogo, na hapo ndipo mwili huifyonza na kuipeleka kwenye damu. Njiani hukutana na kila kitu ulichokula na kunywa. Dawa za kumeza, za salfa, za malaria na za kuua bakteria, zilipoanza kuwa nyingi kuanzia miaka ya 1940, watu wetu walizipokea wakiwa na mazoea mawili: mazoea ya sindano, ambayo haijali kinywaji, na mazoea ya supu, ambayo ni kinywaji chenyewe.

CHAI INAPANDA MLIMANI

Wengi hudhani kwamba chai ni mali ya mababu. Sivyo. Chai ilipandwa Kenya mara ya kwanza mwaka wa 1903 kule Limuru, na mashamba makubwa ya Kericho yakaanza miaka ya 1920. Yote yalikuwa mikononi mwa Wazungu. Mwafrika hakuruhusiwa kuikuza kwa biashara.

Kahawa ilitutangulia kidogo. Katikati ya miaka ya 1930 serikali ilikubali Waafrika wa Meru, Embu na Kisii wajaribu kulima kahawa, nao wakawa miongoni mwa Waafrika wa kwanza nchini kupewa ruhusa hiyo. Lakini kahawa ililimwa ili iuzwe. Matunda yalipelekwa kiwandani, pesa zikaja, na mkulima akarudi nyumbani akanywa kitu kingine.

Kitu hicho kilikuja kuwa chai. Wengine waliijua misheni na shuleni, wengine kwenye mashamba ya walowezi, wengine jeshini wakati wa vita vya pili vya dunia. Kisha ukaja mpango wa Swynnerton wa mwaka wa 1954, uliofungua mlango kwa wakulima wadogo kupanda chai na kufuga ng'ombe wa gredi. Mwaka wa 1964 shirika la KTDA likaundwa, na kwa miaka iliyofuata viwanda vikasimama: Imenti, Githongo na Michimikuru upande wa Meru, Mungania na Rukuriri upande wa Embu. Ng'ombe wa gredi wakajaza ndoo. Chai na maziwa vikakutana katika sufuria moja, sukari ikaongezwa, na hivyo ndivyo chai yetu ilivyozaliwa. Mwaka wa 1979 watoto wa shule za msingi wakaanza kupewa maziwa ya Nyayo bila malipo, na maziwa yakazidi kuhesabiwa kuwa chakula cha afya na nguvu.

Hebu tupige hesabu. Mzee wa miaka 80 leo alizaliwa katika miaka ya 1940, kabla mkulima mdogo wa Embu au Meru hajaruhusiwa kupanda mche wa chai. Kwa hiyo desturi ya kumeza dawa kwa chai ya maziwa haikuachwa na mababu. Ina umri mdogo kuliko nyanya anayeifuata.

Je, kwa nini ilishika mizizi haraka hivyo? Sababu zake zinaeleweka, wala si za kijinga. Kwanza, klorokwini, iliyotibu malaria kwa miaka mingi, ilikuwa chungu kama shubiri, na chai yenye sukari ilifunika uchungu huo. Pili, maji ya mto kama Rupingazi au Kathita hayakuwa salama bila kuchemshwa, na chai ni maji yaliyochemka tayari. Tatu, daktari alisema, "Usinywe dawa na tumbo tupu," na katika nyumba nyingi staftahi ni chai. Mtu aliyeshika chai alikuwa akitii daktari, akijikinga na homa ya matumbo, na akikwepa uchungu, vyote kwa mkupuo mmoja. Shida ni kwamba hakuna aliyemwambia kinachotokea baadaye ndani ya tumbo.

WATAALAMU WALIPOANZA KUULIZA

Tuanze na dawa ya kuongeza damu. Mwaka wa 1975 wataalamu wa Afrika Kusini walichapisha utafiti juu ya chai na madini ya chuma. Waliwapa watu madini hayo, yakiwemo ya aina ile ile inayotumiwa kutengeneza tembe za kuongeza damu, kisha wakapima kiasi kilichoingia mwilini. Chai ilipunguza kiasi hicho, hata pale vitamini C ilipokuwepo. Sababu ni kwamba ndani ya chai kuna kitu kiitwacho tanini, kile kinachokausha ulimi ukinywa strungi kali. Tanini hushikana na chuma na kufanya donge ambalo mwili hauwezi kulifyonza, nalo hupita na kutoka na choo. Wataalamu hao walionya kwamba hatari ni kubwa zaidi kwa watu ambao chakula chao kwa sehemu kubwa ni nafaka na mboga. Msikilizaji, mtu anayekula githeri mchana na mukimo jioni, nyama akiionja sikukuu tu, ndiye hasa anayesemwa hapo.

Mwaka wa 1983 utafiti mwingine, wa Marekani, ulipima chai na kahawa pamoja na mlo. Chai ilipunguza chuma kilichofyonzwa kutoka kwenye mlo huo kwa asilimia 64, na kahawa kwa asilimia 39. Jambo la kuzingatia ni hili: kahawa iliyonywewa saa moja kabla ya mlo haikuleta madhara, lakini iliyonywewa saa moja baada ya mlo ilizuia chuma sawa na ile iliyonywewa pamoja na chakula. Kwa hiyo kungoja kidogo tu baada ya kula hakutoshi.

Sasa mtazame nyanya ambaye amepungukiwa na damu. Anachoka, anapumua kwa shida akipanda kilima, viganja vyake vimepauka. Zahanati inampa tembe za chuma. Anazimeza kila siku kwa uaminifu, lakini anazimeza kwa chai. Baada ya miezi miwili damu haijapanda vya kutosha. Watu wa nyumbani wanaanza kusema dawa ya serikali haina nguvu, na wengine wananong'ona kwamba kuna mkono wa mtu. Huenda dawa ni nzuri na hakuna mkono wa mtu. Ulikuwepo mkono wenye kikombe.

Lakini tafadhali, tusilaumu chai kwa kila jambo. Mzee akipungukiwa na damu, lazima sababu itafutwe, kwa maana huenda ana kidonda cha tumbo kinachovuja damu polepole au ugonjwa mwingine. Kama hapati nafuu hata baada ya kumeza tembe kwa maji, mrudishe hospitalini.

Tuje kwenye maziwa. Dawa ya tetrasaiklini iliingia sokoni miaka ya 1950 na kusifiwa kote duniani. Kufikia mapema miaka ya 1960, madaktari walikuwa wamegundua kwamba dawa za jamii hiyo zikinywewa na maziwa, kiasi kinachofika kwenye damu hupungua sana. Maziwa yana madini ya kalsiamu, na kalsiamu huikamata dawa kama vile tanini inavyokamata chuma. Mwaka wa 1970 wataalamu wa Finland walionyesha kwamba madini ya chuma pia huikamata dawa hiyo. Kwa hiyo mzee akimeza tembe ya damu na tetrasaiklini kwa wakati mmoja, zote mbili zinaweza kupoteza nguvu.

Siprofloksasini, inayotumika kwa magonjwa kama maambukizi ya njia ya mkojo, nayo ilichunguzwa Finland mwaka wa 1991. Ilipomezwa na maziwa au mtindi, kiasi kilichoingia mwilini kilipungua kwa takriban thuluthi moja. Hapa hasara si ya mgonjwa mmoja tu. Dawa ya kuua bakteria ikifika kwenye damu ikiwa pungufu, bakteria dhaifu hufa na wenye nguvu hubaki, na hao waliobaki hujifunza kuizoea dawa. Kesho dawa hiyo haitamfaa hata jirani.

Kuna kinywaji kingine ambacho hufanya kinyume kabisa. Hicho ni maji ya balungi, lile tunda kubwa linalofanana na chungwa na lenye uchungu kidogo. Mwaka wa 1989 Daktari David Bailey na wenzake kule London, mkoa wa Ontario nchini Canada, walikuwa wakichunguza kama pombe inaathiri felodipini, dawa ya presha. Ili watu wasitambue ladha ya pombe, waliichanganya na maji ya balungi. Kiasi cha dawa katika damu kikapanda kuliko walivyotarajia, hata kwa wale ambao hawakupewa pombe. Mkosaji hakuwa pombe, alikuwa balungi. Ndani ya ukuta wa utumbo kuna kimeng'enya kinachoivunja sehemu ya dawa kabla haijaingia kwenye damu, na balungi hukizima. Dawa ikiingia nyingi mno, presha inaweza kushuka ghafla, na mzee akaanguka na kuvunjika nyonga. Nifedipini na baadhi ya dawa za kupunguza mafuta katika damu, kama simvastatini na atovastatini, nazo huguswa na balungi. Na kwa kuwa athari yake hukaa zaidi ya siku moja, hapa kuachanisha saa mbili hakusaidii. Anayetumia dawa hizo aachane na balungi mpaka azungumze na daktari au mfamasia wake.

Kahawa nayo ilipata zamu yake. Mwaka wa 2008 wataalamu wa Italia walieleza habari za wagonjwa wa tezi ya shingo ambao dawa yao, thairoksini, ilikuwa haifanyi kazi ipasavyo. Ilionekana walikuwa wakiimeza na kahawa. Walipoimeza kwa maji na kuchelewesha kahawa, mambo yakatengemaa. Dawa ya kuimarisha mifupa iitwayo alendroneti ni kali zaidi katika sheria zake: ukiimeza na kahawa au maji ya machungwa, kiasi kinachofyonzwa, ambacho tayari ni kidogo sana, hupungua kwa karibu asilimia 60. Hiyo huenda na maji matupu tu.

KWA NINI MZEE HASA?

Mtu atauliza: mbona hata kijana anakunywa chai na dawa? Kweli, lakini mwili wa mzee una mambo yake.

Kwanza, mzee mara nyingi ana dawa nyingi kwa pamoja: ya presha, ya sukari, ya viungo, ya kuongeza damu. Kila tembe inayoongezwa ni nafasi moja zaidi ya kugongana na kinywaji au na tembe nyingine.

Pili, mate hupungua na kiu haisikiki kama zamani. Mzee humeza tembe na fundo moja tu la chai, tena wakati mwingine akiwa amelala. Tembe inaweza kukwama kwenye umio na kuuchoma. Doksisaiklini na alendroneti zinajulikana sana kwa jambo hili. Wengine hukwepa maji kwa kuogopa kuamka usiku kukojoa. Basi maji na yanywewe zaidi mchana, lakini dawa isinyimwe maji yake.

Tatu, figo na ini hufanya kazi polepole zaidi, kwa hiyo dawa ikizidi hukaa mwilini muda mrefu. Kijana anaweza kustahimili kosa dogo ambalo mzee litamwangusha.

Nne, wapo wanaoshindwa kumeza, na watu wa nyumbani kwa huruma huponda tembe na kuichanganya kwenye uji. Ile supu ya zamani imerudi kwa mlango mwingine. Kumbuka kwamba baadhi ya tembe, kama nifedipini za kutoa dawa kidogo kidogo, zimetengenezwa zitumike kwa saa nyingi. Ukiiponda, dawa yote inatoka kwa mara moja na presha inaweza kushuka vibaya. Usiponde tembe wala usifungue kapsuli bila kuuliza. Mara nyingi kuna dawa ya maji au tembe nyingine ya kutumia badala yake.

MIRAA, MUGUKA NA POMBE

Hatuwezi kuzungumza juu ya Meru na Embu tukaruka miraa ya Igembe na muguka wa Mbeere. Kimila miraa ilikuwa ya wazee, iliyotolewa kwa heshima wakati wa posa na mabaraza. Miraa si kinywaji, lakini ina tanini kama chai, na huteremshwa kwa maji, chai au soda. Mwaka wa 1997 wataalamu wa Yemen, ambako miraa hutafunwa sana, walichunguza dawa mbili za kuua bakteria. Ampisilini ilipungua mwilini kwa watu waliokuwa wakitafuna, isipokuwa ilipomezwa saa mbili baada ya kumaliza. Amoksilini iliathirika pale tu ilipomezwa katikati ya kutafuna. Zaidi ya hayo, miraa hupandisha presha na mapigo ya moyo, kwa hiyo anayemeza dawa ya presha huku akitafuna anavuta kamba pande mbili.

Kuhusu pombe, iwe ya asali au ya chupa, tusizungushe maneno. Pombe pamoja na dawa za usingizi humlaza mtu kupita kiasi. Pombe pamoja na glibenklamidi au insulini inaweza kushusha sukari ya damu hadi mtu azirai. Pombe pamoja na dawa za maumivu kama diklofenaki huongeza hatari ya tumbo kutoka damu.

MAZIWA YANAPOSAIDIA

Sasa usiende nyumbani ukasema redio imepiga marufuku maziwa. Dawa hazifanani. Mwaka wa 2004 Kenya ilichagua dawa mseto ya malaria, ambayo wengi huijua kwa jina la Coartem, na kufikia mwaka wa 2006 ikaanza kutolewa katika vituo vya afya. Sehemu mojawapo ya dawa hiyo hupenda mafuta. Ikimezwa pamoja na mlo wenye mafuta, inaweza kufyonzwa hadi mara 16 zaidi kuliko ikimezwa na tumbo tupu. Kwa mzee wa Mbeere au Tharaka aliyepimwa na kukutwa na malaria, maziwa au chakula chenye mafuta kidogo ni rafiki wa dawa hiyo. Metfomini ya sukari nayo humezwa pamoja na chakula ili isisumbue tumbo. Na panadol haigombani na chai kwa namna ya kukutia wasiwasi.

Kwa hiyo chai si sumu. Imesomesha watoto wetu na kujenga nyumba zetu. Kinachotakiwa ni kuipa chai saa yake na dawa saa yake.

MAMBO YA KUKUMBUKA

1. Kama hukuambiwa vingine, meza dawa kwa glasi moja kamili ya maji yaliyochemshwa na kupoa, ukiwa umeketi au umesimama, na usilale kwa nusu saa. Anayezuiwa maji mengi kwa sababu ya moyo au figo amwulize daktari kiasi chake.

2. Tembe za kuongeza damu: zimeze kwa maji, angalau saa moja kabla ya chai, kahawa au maziwa, au saa mbili baada yake. Njia rahisi ni kuzimeza unapoamka alfajiri, chai ikiwa bado haijawekwa motoni. Zikikuchafua tumbo, waulize wahudumu wa afya, usiziache.

3. Tetrasaiklini na siprofloksasini: usizimeze pamoja na maziwa, maziwa lala, uji wa maziwa wala tembe za chuma. Acha saa mbili au zaidi katikati. Doksisaiklini haiathiriwi sana na maziwa, lakini inataka maji ya kutosha.

4. Thairoksini na alendroneti: maji matupu, asubuhi, kabla ya kitu kingine chochote. Ngoja angalau nusu saa kwa alendroneti, na nusu saa hadi saa moja kwa thairoksini, ndipo unywe chai.

5. Usiache dawa kwa sababu umegundua uliimeza vibaya. Endelea nayo kwa njia iliyo sawa, na uwaambie kliniki. Ni muhimu waambiwe, kwa sababu dawa ikianza kufyonzwa vizuri, huenda kipimo kikahitaji kuangaliwa upya.

6. Siku ya kliniki, beba dawa zote ndani ya mfuko mmoja, hata zile ulizonunua dukani na za mitishamba. Mwulize mfamasia maswali matatu: nimeze na nini, saa ngapi, na nisichanganye na nini?

Mpendwa msikilizaji, wewe uliye kijana na unayemtunza mzee, unajua si rahisi kumwambia nyanya abadilishe alichozoea. Usimkemee. Mpelekee glasi ya maji kwa mikono miwili, mwambie, "Cucu, dawa kwanza, chai inakuja." Halafu uhakikishe chai inakuja kweli, ikiwa moto, saa yake ikifika.

Kwa vikundi vya wasikilizaji, haya ndiyo maswali ya kuzungumzia kabla ya kipindi kijacho: Katika nyumba yako, dawa humezwa na nini, na ni nani aliyeanzisha desturi hiyo? Je, kuna mzee anayepondewa tembe kwenye uji? Na ni saa gani ya siku ambayo mzee wenu anaweza kumeza dawa bila kugongana na chai?